Kiswahili cha Banda la Majani

Asubuhi baada ya redio kutangaza kwamba waziri amepigwa risasi Nairobi, nilipita kwenye banda la kupimia majani chai hapa Kericho. Kwa kawaida foleni ya hapo hupiga kelele kwa lugha za kila kabila. Siku hiyo wachumaji walinong'ona Kiswahili kitupu, mtu asijulikane ametoka wapi.

Mama mmoja alitikisa mtoto aliyelia mgongoni. "Nyamaza, mtoto. Nyamaza."

"Si umwimbie wimbo wa kwenu," jirani yake alisema.

Mama akaangalia nyuma. "Hapa? Wacha tu."

Mtoto akazidi kulia. Mama yake hakuwahi kumbembeleza kwa Kiswahili.

Miaka yote tunahimizwa tuongee lugha moja tuwe taifa moja. Asubuhi hiyo tulitii sote, na sijawahi kuona watu wakiogopana namna ile.