Fundi Bomba, Gitaa la Besi na Mama Mkwe

Kwa mabomba, Fundi hakuwa na mpinzani. Aliweza kuweka sikio ukutani, akakuonyesha kwa kidole mahali maji yanapovujia, ukibomoa unayakuta pale pale. Lakini Jumamosi alipovua ovaroli na kushika gitaa la besi, masikio yale nayo ni kama aliyatundika msumarini pamoja na ovaroli.

Alikuwa na bendi ndogo na wenzake watatu: mpiga gitaa, mpiga ngoma na mwimbaji. Amplifaya yake aliinunua kwa mtu, imeshatumika mpaka maandishi juu ya nobu zake tano yamefutika. Hilo halikumsumbua. Kwa mawazo yake, nobu ni sawa na koki: ukiamua kufungua, fungua yote. Alizizungusha zote mpaka mwisho.

Mwimbaji wao, nesi mmoja mpole, alijitahidi kumwambia kwa lugha anayotumia kwa wagonjwa.

"Kaka, besi yako naisikia miguuni tu. Masikioni haijafika."

"Basi nitaongeza," akajibu Fundi.

Mwaka huo mama mkwe wake alikuja kukaa nao ili atibiwe goti. Alipewa chumba kinachopakana na sebule. Wawili hao waliheshimiana mno, kiasi kwamba hawakuongea ila kupitia kwa mke wa Fundi. Mama anauliza kama umekula. Mwambie mama nimekula. Mama anasema ameshaona sahani. Mke alikuwa amechoka kuwa posta.

Jumamosi moja mke akaenda dukani. Fundi, akidhani mama kalala, akachomeka waya na kuanza mazoezi. Vikombe vikagongana kabatini. Mara ukuta ukasema:

"Baba."

Fundi akashika nyuzi zikanyamaza. "Naam, mama."

"Mama watoto yuko wapi?"

"Ametoka, mama. Yuko dukani."

Mama alikuwa anatafuta njia.

"Akirudi, mwambie amwambie mume wake kwamba hilo vumo zito limezidi."

"Nitamwambia, mama."

"Na huyo mume apunguze sasa hivi."

"Anapunguza, mama."

Mama huyu alishona sare kiwandani miaka thelathini na mmoja. Katikati ya cherehani mia moja zinazonguruma, alijua kwa sauti tu sindano ya nani inakaribia kukatika. Tangu afike alikuwa akivumilia, maana ugeni una adabu zake, lakini goti linalouma halivumilii mtikisiko.

Alipoambiwa nobu ziko tano, akamwamuru azirudishe zote katikati, zisimame kama mshale wa saa sita. Kisha aguse moja moja huku akipiga wimbo ule ule.

"Ya kwanza, mama."

"Hiyo inakuza sauti tu. Iache."

"Ya pili."

"Kabati linatetemeka. Hiyo ndiyo mkorofi, ishushe kidogo chini ya katikati."

Ya tatu alipoipandisha, mama aligonga ukuta mara moja. "Hapo," akasema. "Sasa nasikia kidole kinapogusa. Kumbe una vidole."

Ya nne ikatoa mkwaruzo wa kucha juu ya sufuria, akaamriwa airudishe.

"Ya tano."

"Umeizungusha?"

"Nimeizungusha, mama. Mpaka mwisho."

"Basi hiyo ya mapambo."

Fundi akapiga tena, akakunja uso. "Samahani, mama. Huku nilipo naona besi imekonda."

"Wewe umeikalia. Zito halikai na mwenyewe, linakwenda kwa jirani. Mimi ndiye jirani."

Fundi, aliyezoea kuwaambia watu kuwa maji yanaonekana jikoni lakini yanavuja chooni, akahamia ukutani ili naye asikie kama jirani. Mke aliporudi alimkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani, akicheka peke yake.

"Mama, unaongea na nani?" akauliza mlangoni kwa mama yake.

"Naongea na ukuta," mama akajibu. "Una adabu sana."

Wiki mbili baadaye bendi ilipiga kwenye sherehe ya kumuaga mpishi wa hospitali aliyestaafu. Ukumbi ulijaa, na wingi wa watu ukaanza kuimeza sauti ya besi. Mkono wa Fundi ukaanza kuinyemelea nobu ya pili. Akatazama nyuma kabisa, alikoketi mama mkwe. Mama akainua kidole kimoja, akakisogeza kiasi cha punje. Fundi akaongeza kiasi hicho hicho, si zaidi, ingawa roho ilimuuma.

"Kaka," nesi akamnong'oneza baada ya wimbo wa tatu, "leo nimejua pa kuingilia."

Goti lilipopona, mke alianza kuulizia siku ya mama kurudi kwake. Mama akamwita mwanawe kando, sauti ikiwa imepimwa imfikie mkwe aliyekuwa sebuleni.

"Mwambie mume wako nitakaa mwezi mmoja zaidi. Yule mpiga ngoma wao naye ana matatizo."