Kadii na Kinu Kilichonguruma

Katika Garsen ya mwaka wa 1956, ukitoka kwenye kivuko ulichagua mwenyewe: chai ya Kadii mkono wa kulia, au chai ya Gunga mkono wa kushoto. Lakini tangu Gunga alete redio kubwa iliyosikika hadi ng'ambo ya mto, watu walikuwa kama wamesahau mkono wa kulia uko upande gani.

Kadii naye alikuwa na redio, ila panya walikuwa wametafuna karatasi ya spika yake. Ikisoma habari ungedhani ni kibogoyo anayekula mahindi ya kuchoma. Na siku ya kuvusha ng'ombe ilikuwa imekaribia, siku ambayo wachungaji wa Kiorma hujaa kivukoni wakiwa na kiu. Wakienda kwa Gunga hata siku hiyo, basi Kadii afunge kibanda arudi kwao kulima mihogo. Na mihogo alikuwa ameichukia tangu utotoni.

Akamwendea Pekeshe, fundi wa redio, wa cherehani na, akibembelezwa, wa meno.

"Nataka spika moja tu, fundi. Itoe sauti nene na nyembamba, peke yake."

Pekeshe akaunga kubwa kuliko zote. Ngoma zilidunda vizuri, lakini mwimbaji alikuwa kama amefunikwa blanketi. Akaunga ndogo, ikalia kama mbu aliyekosewa adabu. Kadii akainua ya tatu, yenye upana wa shubiri moja ya mkono na karatasi nyepesi. Akaibonyeza katikati kwa vidole, taratibu, akitega sikio kama inakwaruza. Haikukwaruza. Ilipoungwa, ngoma ilisikika, na maneno yakasikika.

"Hii!"

"Ngoja. Bila kasha, sauti ya mbele na ya nyuma zinakulana, hakibaki kitu. Tafuta mbao nzito."

Alijaribu debe, likatetemeka na kutia kelele zake. Alijaribu sanduku la majani ya chai. Mchwa walikuwa wameshalila upande mmoja. Ndipo macho yake yakaangukia kinu cha mavyaa yake, mama wa mumewe, Jumwa. Kinu cha mti wa mbambakofi, kizito kama deni la ukoo, na mdomo wake ulikuwa shubiri moja kamili. Jumwa mwenyewe alikuwa kijijini Chara kwenye mavuno.

Spika ikakaa mdomoni mwa kinu kama imezaliwa humo. Ila sasa mwimbaji alisikika kama ametumbukia kisimani.

"Jaza kitu laini ndani," alisema Pekeshe. "Na utoboe tundu upande wa pili, sauti nene ipate mlango wake."

Kitu laini kilikuwa sufi ya mto wa kulalia wa Jumwa. Tundu lilitobolewa kwa chuma cha moto, Kadii akiwa amefumba macho.

Siku ikafika. Kinu kililazwa juu ya benchi, mdomo ukitazama njia. Ng'ombe waliogelea wakapanda ukingoni, na wachungaji nyuma yao wakielekea kwa Gunga moja kwa moja. Kadii akafungulia redio. Ngoma ikanguruma.

Fahali wa Mzee Hirbo, mmoja wa wachungaji, akasimama. Akatikisa masikio. Akajibu. Kisha akaja mpaka mbele ya kibanda cha Kadii, akaanza kuchimba udongo kwa kwato. Aliposimama yeye, majike wakasimama; na majike wakisimama, Muorma aende wapi?

"Wewe mama, zima hii kitu!" alipiga kelele Hirbo. "Fahali yangu nasikia fahali ingine ndani!"

Kadii alishika swichi. Akawatazama wachungaji waliosimama juani. Akaiachia.

"Nikizima ghafla, mzee, atadhani mwenzake amekimbia, atamfuata ndani. Acha azoee kidogo. Kaeni, chai iko tayari."

Elimu hiyo ya mafahali aliitoa wapi? Hajawahi kukamua hata mbuzi.

Wakakaa. Benchi zikajaa, wengine wakachuchumaa. Hapo ndipo Jumwa alipotokea, mzigo kichwani.

"Kadii! Kile si kinu changu?"

"Ni chako, mama."

"Na kile kinachochungulia tunduni?"

"Ni mto wako, mama."

Jumwa alifungua mdomo amlaani, lakini mchungaji mmoja akaita, "Vikombe imekwisha!" Jumwa akautua mzigo, akajifunga leso kiunoni.

"Tutazungumza. Kwanza, vikombe hivi huvisugui kwa majivu?"

Nyimbo zikaisha, ikaja taarifa ya habari. Fahali alisikiliza bei ya pamba kidogo, akakipa kinu kisogo.

"Mmeona?" Hirbo akaruka. "Ile ya ndani imeogopa! Imenyamaza! Chai ingine kwa watu wote! Safari ingine naleta fahali ya kaka yangu, nayo ijaribu."

"Mlete, mzee," alisema Kadii akimimina. "Ila wenyewe waje na kiu."

"Na waje na kinu," alisema Jumwa kutoka kwenye karai la vikombe, "kwa sababu hiki naondoka nacho."