Amplifaya ya Baba Ndinda

Amplifaya ya zamani ikipata moto hutoa harufu yake. Ni harufu ya vumbi linaloungua na plastiki iliyochoka, na chini yake kuna kitu kama ukucha uliosogezwa kwenye mshumaa. Nilipokuwa na miaka kumi harufu hiyo ilikaa nyumbani kwetu siku sita, wiki ya kuelekea Krismasi, ikichanganyika na udi uliopanda kutoka kwa Bi Rukia, mwenye nyumba wetu, aliyeishi chini. Sisi tulipanga vyumba viwili vya juu, katika nyumba ya kale ya Mji wa Kale yenye kuta nene zinazotoa chumvi kama jasho. Bi Rukia na watu wake walikuwa wa mtaa huo tangu babu wa babu zao. Sisi tulikuwa Wataita, wageni wa kazi, kwa kuwa Baba alikuwa karani bandarini. Desemba ile kaskazi ilivuma bila kupoza chochote. Shuka zilinata mwilini, misumari ilishika kutu ukutani, na mimi, mtoto ambaye majirani walimwita bubu kwa utani, nilibeba neno moja ambalo sikujua pa kuliweka.

Baba alipiga gitaa la besi katika kanisa letu dogo kule Tononoka. Kanisa hilo lilikuwa na desturi mbili ambazo hadithi hii yote imesimama juu yake. Ya kwanza, hakuna aliyepanda madhabahuni na viatu. Wapigaji, waimbaji, hata mchungaji, wote waliviacha mlangoni, wakasimama juu ya saruji kwa nyayo tupu. Ya pili, Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi waumini waliwapa wapigaji zawadi, na siku ya Krismasi yenyewe mpigaji alitakiwa aitumie zawadi hiyo mbele ya aliyempa. Ukipewa shati, ulivae. Ukipewa saa, kanisa zima liione mkononi mwako. Kuiacha nyumbani ilikuwa sawa na kumrudishia mtu mkono wake usoni.

Zawadi nzuri ziliwafuata wenye kusikika. Mpiga kinanda, Kaka Josefu, ambaye ndiye aliyeongoza kwaya, alipata viatu, mikoba na keki. Mpiga ngoma alipata mataulo ya kufutia jasho. Mpiga besi alipata leso ya mfukoni. Baba alikuwa na leso za mfukoni za kutosha kufungua duka, na soksi za rangi ya kahawia zilizomfika kwenye kisigino tu. Watu walimtania wakisema, "Baba Wakesho, kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini wako hata mshindo hatuusikii!" Naye alicheka, kisha akirudi nyumbani alikuwa akisema besi ni kama chumvi, mtu huijua siku ikikosekana. Aliyemfundisha maneno hayo ni Baba Ndinda, mpigaji mkubwa wa besi pale kanisani, aliyemfundisha pia kushika gitaa. Walipokezana Jumapili. Baba Ndinda alikuwa na amplifaya yake mwenyewe, kubwa kama kabati, na Baba alikuwa na kispika kidogo kilichokohoa.

Mwaka huo, wakati wa mvua za masika, Baba Ndinda alifariki. Alikuwa nyumbani kwake mchana, akifanya mazoezi peke yake, mkewe akamkuta ameanguka kifudifudi juu ya gitaa. Watu walisema ni moyo. Wengine walinong'ona mengine, kama kawaida ya watu. Alizikwa, na amplifaya yake ikabaki sebuleni kwa mjane, imefunikwa leso nyeusi na nyekundu kama mgonjwa asiyetaka kuonwa.

Jumapili ya zawadi, Mama Ndinda aliingia kanisani nyuma ya vijana wawili walioibeba ile amplifaya. Alikuwa mama mnene wa sauti ya chini, na tangu msiba alikuwa amepungua mpaka magauni yake yalimning'inia. Aliivua ile leso, akasimama kando ya amplifaya, akamwita baba yangu mbele. "Baba Wakesho," akasema, "siwezi kukaa nayo. Kila nikipita naiona inaniangalia. Ichukue, Krismasi hii nimsikie mume wangu tena." Wanawake walilia. Baba alilia pia. Nilikuwa sijawahi kuyaona machozi yake. Mpiga besi alikuwa amepewa zawadi kubwa kuliko zote, na kati ya watu wote, mimi tu ndiye niliyetazama waya wake ukiburutwa sakafuni nikaona kichwa cha plagi kimefungwa kwa plasta ya kidonda.

Tuliileta nyumbani kwa mkokoteni, mmoja wa ile inayobeba viazi Marikiti. Jioni ile Baba aliiwasha, na vyombo vya Mama vikaanza kutetemeka kabatini. Alipiga kwa furaha. Kisha akaniita nijaribu. Niliweka kidole kwenye uzi mnene, nikauondoa haraka. Kitu kilikuwa kimeniuma, kuuma kwa siafu anayeingia ndani ya mfupa. Nilimtazama. "Inawasha kidogo," alisema Baba bila kunitazama. "Ni nyuzi za chuma na jasho. Si kitu." Lakini niliona kwamba yeye mwenyewe alikuwa amevaa champali humo ndani, na kila alipokuwa akizivua alikunja uso.

Siku tatu baadaye Baba aliamua kuipeleka kwa Fundi Sefu, mwanawe Bi Rukia, aliyetengeneza redio na mafeni katika chumba cha chini kilichoelekea kichochoroni. Mimi nilibeba waya. Fundi aliiwasha, akachukua bisibisi yake yenye taa ndani ya mpini, akagusa nyuzi za gitaa. Ile taa ndogo ikawaka, nyekundu kama jicho. Aliizima, akafungua plagi, akatuonyesha waya wa kijani uliokatwa kwa kisu zamani. Akaunga mwingine, akaiwasha tena, na hapo hapo nyumba nzima ikazimika. Kutoka ndani tulisikia sauti ya Bi Rukia: "Wewe Sefu! Barafu za watu zayayuka! Watengeneza au wavunda?"

"Natengeneza, mama!" akajibu Fundi. Kisha akashusha sauti. "Ndugu yangu, umeona? Hini yazima kwa sababu yaona hatari. Mwenyewe aliukata huu waya ili isimsumbue. Ni kama kumfunga mbwa mdomo asibweke, na mwizi yumo ndani. Kuna kitu kimeoza humu. Niachie mpaka mwaka mpya nikitafute."

"Krismasi ni keshokutwa, Fundi."

"Na hicho kispika chako kina nini? Usiwache mbachao kwa msala upitao."

"Nitamwambia nini mama wa watu?" Baba aliuliza. Fundi alijifuta mikono muda mrefu. "Basi angalau simama na viatu," akasema. "Umeme wataka njia ya kwenda chini. Ukiwa miguu mitupu, wewe ndiwe njia. Utakufa." Baba akamwambia kwamba kule madhabahuni hawavai viatu. Fundi Sefu alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye mkubwa pale, kisha akaangalia kando. Tulipokuwa tukipanda ngazi na amplifaya yetu, Baba alisema jambo ambalo sijawahi kulisahau: "Wakesho, usimwambie mama yako." Mimi, niliyejulikana kwa kutosema, nikatikisa kichwa kukubali. Usiku huo na uliofuata nilikula bila kuonja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua, lakini hawakusema mtoto afanye nini anapoombwa aufiche ugonjwa wa baba yake.

Asubuhi ya Krismasi kanisa lilinukia maua na sabuni. Akina mama walikuwa wameliosha alfajiri, na sakafu ya madhabahu ilikuwa bado inang'aa maji kwenye mabonde ya saruji. Niliviona viatu vimerundikana mlangoni. Mama Ndinda aliketi safu ya kwanza, kiti cha heshima, amevaa nguo nyeupe. Baba alichomeka amplifaya, na taa zote zikazimika. Watu wakasema "Aaa!" Wakawasha tena, zikazimika tena. Watoto wakaanza kucheka. Kaka Josefu akashuka kutoka kwenye kinanda chake, akafungua plagi, akacheka naye. "Kumbe huyu wa kijani ndiye mchawi," akasema. "Marehemu alikuwa na akili zake. Alimkata, akapiga miaka mingi." Akatoa kisu kidogo kwenye funguo zake. Nilimtazama Baba. Alifungua mdomo. Mama Ndinda alikuwa akimtabasamia, tabasamu la kwanza tangu masika, na Baba akaufunga mdomo wake. Kisu kikapita. Waya ukachomekwa, na safari hii taa hazikuzimika. Kanisa likapiga makofi. Mvumo mzito ukaanza kutembea chini ya viti vyetu.

Nilimvuta Mama mkono. "Mama, Fundi Sefu alisema—"

"Shh! Watu wanaomba."

Ilikuwa kweli, mchungaji alikuwa amewaambia watu wafumbe macho kabla ya wimbo wa kwanza. Nikainuka. Nilienda mlangoni, nikazitafuta champali za Baba kwenye lile rundo, nikazichukua na kuanza kutembea katikati ya kanisa. Maombi yalikuwa marefu, lakini mimi niliyaona mafupi. Nilipofika mbele, watu walikuwa wameshafumbua macho. "Mtoto wa nani huyo?" mtu akauliza nyuma yangu. "Si yule bubu wa Baba Wakesho. Leo amepata miguu, kesho atapata mdomo!" Wakacheka. Nikapanda madhabahuni. Baba alikuwa ameshavaa gitaa begani, mkono wake uko hewani, kiasi cha shibiri moja juu ya nyuzi. Niliziweka champali mbele ya vidole vyake.

"Toa viatu hapo, mtoto!" Kaka Josefu akafoka.

"Rudi ukae," Baba akanong'ona. "Wakesho, tafadhali."

Sikujua kwamba maikrofoni ya waimbaji watoto ilikuwa imeshushwa mpaka kimo changu, na kwamba ilikuwa wazi. Nilikuwa namwambia Baba peke yake. Lakini sauti yangu ilitoka kwenye spika zote nne, kubwa, ya mtu mwingine: "Fundi alisema ukiwa miguu mitupu utakufa."

Hakuna aliyecheka. Mama Ndinda aliinuka kwenye kiti chake. Alipanda polepole, akainama, akakitazama kipande cha waya wa kijani kilichoanguka karibu na plagi. Kisha akayatazama maji kwenye saruji, na miguu ya baba yangu. Alimuuliza, "Ni kweli?" Baba alirudi nyuma hatua moja kutoka kwenye amplifaya. Mama Ndinda alizungumza kwa sauti ile ile ya chini, lakini maikrofoni ilimchukua yeye pia. "Alikuwa amevua viatu," akasema. "Sakafu ilikuwa mbichi. Nilikuwa nimetoka kupiga deki. Nilimwambia, vua viatu, usinichafulie." Akaishika plagi, akaichomoa. Mvumo ukafa. Akateremka, akapita katikati ya kanisa bila viatu, akatoka nje kwenye jua, na zawadi yake ikabaki pale juu. Tuliimba Krismasi ile bila besi. Baba alikaa pembeni na gitaa magotini.

Sasa nina miaka kumi na tisa. Baba yu hai, amezeeka kidogo, na mimi ndiye ninayepiga besi mahali pake. Kanisa limetandikwa zulia na wapigaji wanavaa viatu, baada ya ubishi wa mwaka mzima uliowagawanya wazee. Zawadi za Krismasi siku hizi huja katika mifuko inayometameta, na hakuna anayekuuliza kama umezitumia. Mwaka jana nilipewa nyuzi mpya, na mtoto mmoja aliniandikia kadi. Watu husema nilikuwa jasiri, kwamba Mungu alimfungua bubu kinywa. Huwa nawaacha waseme. Siku ile nilidhani kweli ni kitu kimoja, ukikisema kinafanya kazi moja tu. Sikuona kwamba neno lile lililomwacha baba yangu na uhai lilikuwa linapita kwake tu, likielekea kwa mtu mwingine.

Mama Ndinda alihamia ng'ambo, Likoni, hakurudi kanisani kwetu. Nilimkuta Desemba iliyopita Marikiti, akichagua nazi kwa kuzitikisa sikioni. Nilimwamkia shikamoo, akanijibu marahaba kabla ya kunitambua. Aliponitambua alishusha nazi. Hakuniuliza habari za Baba wala za kanisa. Aliniuliza kitu kimoja, upesi, kama mtu aliyekibeba miaka tisa akiogopa kukiangusha. "Mwanangu, yule fundi wenu. Alisema maji ndiyo yaliyomuua? Yale maji ya sakafuni?"

Wapagazi walikuwa wakipiga kelele tuwapishe njia. Mimi sasa najua kuhusu maji na umeme kuliko alivyojua Baba siku zile. Nilimtazama machoni nikamwambia, "La, Mama. Alisema maji hayakuwa na neno. Ni ule mtambo tu. Hata sakafu ingekuwa kavu, ingekuwa vile vile."

Alizirudia nazi zake. Akaniwekea nazi mbili kwenye mfuko wangu, ingawa sikuwa nimemwomba, akanishika mkono, akausugua kwa kidole gumba kama anayetafuta kitu chini ya ngozi. "Ahsante," akasema. Sikuweza kujua kama ameniamini.