Ukuta wa Boksi

Wenzake pale bustani ya wanyama walimwita Mama Vyura, na wala hakukasirika. Mtoto wa kumwita mama Mungu hakumjalia, basi vyura wakamfaa. Alikuwa nao wawili, Bonge na Kadogo, aliowalea tangu wakiwa na mkia. Wanene, kijani na kahawia, kichwa chote mdomo, na pembe juu ya macho. Pembe zenyewe jina tu. Ni ngozi iliyochongoka.

Na kuwinda kwao, uvivu mtupu! Chura anajifukia udongoni, anabakiza macho na pembe. Anatikisa kidole cha mguu wa nyuma, ungedhani funza. Mjinga akikisogelea, hap! Akishauma hawezi kutema hata akitaka, maana meno yamepinda kwa ndani. Chura mwenzake naye ni chakula. Ndiyo maana kila mmoja alikuwa na sanduku lake la kioo.

Baridi ilipoingia, taa ya kumpasha joto Kadogo ikaungua. Mama Vyura akaenda kwa meneja.

"Vumilia, mama. Chura na baridi si wamezoeana?"

"Hawa hawajazoea, bosi. Atakufa."

"Tutaona."

Lo! Hiyo tutaona ya mabosi nani asiyeijua? Akaenda tena, jibu lilelile.

Kadogo akaanza kukataa panzi. Mama Vyura akasema liwalo na liwe: akamhamishia kwa Bonge, chini ya taa moja, na katikati akasimamisha kipande cha boksi. Akawalisha wote wakashiba hasa. Mlinzi wa geti akamtania, "Vyumba viwili hivyo! Kodi umewapangia?" Mama Vyura akacheka, masikini, na moyo ukatulia.

Boksi na udongo mbichi, jamani! Asubuhi aliukuta ukuta umelowa, umelala chini. Bonge ametulia palepale, mguu wa Kadogo unaning'inia mdomoni mwake. Mama Vyura akauvuta taratibu, huku analia. Haukutoka. Mchana Bonge naye akafa, amekabwa na alichomeza.

"Si vyura tu, mama," meneja akasema. "Uache sanduku na udongo wake hivyohivyo. Kwani wageni huwa wanawaona?"

Na kweli, watu bado wanasimama pale kwenye kioo, wananyoosha vidole. "Yule pale! Naona pembe!" Mama Vyura anapita na ufagio wake. Wakishaondoka, naye huinama akatafuta.