Nilimwona mavu akiingia kwenye kola ya jirani yetu, nikanyamaza

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Juzi mwenzetu mmoja aliweka picha ya mavu wakubwa wa huko Asia, akasema anawaogopa hata kwenye picha. Watu wakamcheka kurasa mbili nzima. Kuna aliyemwambia aache woga wa kike.

Mimi ni mwanamke, nakaribia miaka themanini, na sikucheka. Nimekaa na simu siku tatu nikijiuliza niandike au niache.

Naandika. Haya niliyaona mwenyewe na kuyasikia mwenyewe. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana watoto na wajukuu wa hao watu wapo hai. Natype kwa kidole kimoja, mtanivumilia.

Nilizaliwa Nosy Be, Madagaska, pale mjini Andoany ambapo Wafaransa walipaita Hell-Ville. Wazazi wangu asili yao Ngazidja. Nyumbani tulisema Kikomoro, sokoni Kisakalava cha wenyeji, shuleni Kifaransa. Hiki Kiswahili nimekipata Unguja nilikoolewa, kwa hiyo maneno ya watu humu nimeyafasiri mwenyewe.

Nikiwa na miaka minane, mama alikuwa anachuma maua ya manukato kwenye shamba la milangilangi. Miti ile hukatwa vichwa na kupindwa ili matawi yakae chini, mkono ufike. Na mavu nao hupenda kutundika kiota kwenye hayo matawi ya chini, nyuma ya majani.

Nilishika tawi bila kutazama.

Walinichoma usoni na shingoni, sijui mara ngapi. Macho yalifumba kwa uvimbe. Siku tatu nilikuwa nasikia tu watu wakinizungumzia kama mtu anayeondoka.

Nilipona, lakini sikurudi kuwa yule wa zamani.

Nikiingia nyumba ya mtu, kabla sijamwona mwenyeji nimeshatazama paa. Viatu nakung'uta mpaka leo, kwa sababu ya tandu na nge. Kanga naikunjua na kuipiga ukutani kwanza. Mlio wa mavu mmoja naweza kuutambua katikati ya watu ishirini wanaoongea.

(Mtu asiyeogopa atasema nazidisha. Anayeogopa anajua ninachosema.)

Watoto wenzangu waliniita Fanenitra, ndiyo mavu kwa Kimalagasi. Kila nilipomwona mmoja nilipiga ukelele. Siku moja, kwenye harusi ya watu, nilipiga ukelele nikaruka, sinia zima la wali likamwagika kwenye mapaja ya wageni. Nilikuwa na miaka kumi na sita, si mtoto tena.

Baba hakunipiga. Aliniita uani akaniambia kwa sauti ya chini: "Ukituaibisha tena mbele za watu kwa ajili ya mdudu, hutatoka nyumba hii mpaka uolewe."

Nikajifunza kuuma meno.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Ilikuwa miaka ya mwanzo baada ya uhuru, bendera bado mpya, shuleni tukiimbishwa wimbo wa taifa kila Jumatatu.

Jirani yetu alikuwa Zaliha, Msakalava aliyesilimu. Alikuwa akidarizi vitambaa vya meza, kazi aliyofundishwa na mama yake kwao Nosy Komba, kisiwa cha jirani, na alinifundisha na mimi. Mume wake, Saidi, alikuwa mfanyabiashara wa pilipili manga kutoka Mahajanga, mji wa bandari huko bara. Huko Mahajanga alikuwa na mke mkubwa, Bi Moina. Zaliha alikuwa wa pili, na ndugu wa Saidi hawakumtaka hata kidogo. Saidi na Zaliha walikuwa na binti mmoja, Nuru, wa miaka mitatu.

Siku hiyo mdogo wake Saidi, anayeitwa Abdu, alikuwa amekuja kutoka Mahajanga. Ilikuwa baada ya alasiri. Zaliha aliniita nimsaidie kuhudumia, akatengeneza sharubati ya ukwaju, tamu sana, akaijaza kwenye jagi.

Sharubati ndiyo iliyomwita. Nilimsikia kabla sijamwona. Mavu mmoja, mwekundu mweusi, miguu inaning'inia. Akazunguka jagi. Akazunguka glasi ya Abdu. Kisha akatua begani kwa Saidi, akatembea taratibu, akaingia ndani ya kola ya shati.

Wakuu, nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Nimeshika trei.

Nilitaka kusema. Nikamkumbuka baba, nikamwona Abdu mgeni, nikajiambia labda atatoka mwenyewe. Nikarudi nyuma mpaka mlango wa jiko.

Saidi alijipiga shingoni mara moja, kama mtu anayeua mbu. Hakukatiza hata maneno yake. Akanywa sharubati, akaendelea kuzungumza habari za meli.

Haikupita muda, akaanza kujikuna viganja. Akakohoa. Akasema koo linamkaba. Nilimwona midomo ikivimba, sauti ikawa ya mtu mwingine, halafu akainuka na kuanguka.

Majirani walimpakia kwenye gari la bidhaa kumkimbiza hospitali. Alikata roho njiani. Baadaye tuliambiwa daktari aliuliza kama marehemu aliumwa na kitu chochote, waliokuwepo wakajibu hapana, alikunywa tu sharubati.

Mimi nilikuwa nimebaki uani kwa Zaliha nikiwa nimembeba Nuru. Kwa hiyo sikuwepo kujibu.

Alizikwa kesho yake hapo hapo Nosy Be. Na kabla udongo haujakauka, Abdu alishasema neno lake: kaka yangu alikuja mzima, akanywa alichopewa na mwanamke yule, akavimba, akafa.

Askari wa jandarmu, ndio polisi wa huko, walikuja, wakaandika, wakachukua jagi. Hatukusikia kitu tena. Lakini mtaa haukuhitaji karatasi. Watu waliacha kununua vitambaa vyake. Waliokwenda kumpa pole walikataa hata maji. Zaliha alikuwa ameshaingia eda, hatoki, hawezi hata kwenda kujitetea.

Na mimi? Nilinyamaza.

Nilijiambia mavu mmoja haui mtu mzima. Mimi walinichoma wengi na nikapona, tena nikiwa mtoto. Nilijiambia nikisema, watanicheka: Fanenitra ameanza tena. Lakini usingizi ulikatika. Chakula nikawa nakitazama tu. Nilikuwa naogopa mavu tangu utotoni, sasa nikaanza kuogopa mlango wa jirani.

Kilichonivunja ni kitu kidogo. Zaliha alitutumia bakuli la uji wa mchele wa nazi, kama alivyozoea. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akafunga mlango, akaenda kuumwaga nyuma ya choo.

Mama yangu, wakuu. Aliyekuwa akila naye sahani moja.

Wiki hiyo hiyo ikaja barua kutoka Mahajanga. Abdu aliandika kwamba ikipita arubaini wazee wa ukoo watakaa, na kwamba hawatamwacha mtoto wa kaka yao kwa mwanamke wa namna ile. Watakuja kumchukua Nuru.

Nikamwambia mama. Nilimwambia yote, mpaka trei niliyoshika.

Mama alikuwa anachagua mchele, akaendelea kuchagua. Halafu akasema, "Nimeumwaga uji wa mtu bure." Baada ya hapo akaniambia maneno haya nisiyaseme jikoni kwetu tu, nikayaseme Mahajanga mbele ya hao wazee.

Baba alikataa. Alisema tutajitia kwenye ugomvi wa ukoo wa watu. Mama akamwambia yeye anakwenda, anayetaka kubaki na abaki. Sikuwahi kumsikia akimwambia baba hivyo.

Nilitaka niende kwanza kwa Zaliha. Mama akanizuia. Akasema nikimwambia leo na kesho wazee wasiniamini, nitakuwa nimemuua mara mbili.

Tulipanda meli ya mizigo mpaka Mahajanga. Tulikaa juu ya magunia ya nazi kavu, na kila kilichotambaa kati ya yale magunia nilihisi ni tandu anakuja kwangu. Sikulala. Nilikuwa narudia maneno yangu kimoyomoyo, na kila nilipofika pale kwenye kola, nilikwama.

Nyumba ya Bi Moina ilikuwa mtaa wa Wakomoro. Walikaa wazee watatu, mwalimu wa chuo cha Kurani, Wakomoro tunamwita fundi, aliyekuwa mwenyekiti, na Abdu. Bi Moina mwenyewe alikuwa kwenye eda, kwa hiyo alikaa chumba cha pili nyuma ya pazia. Mama akakaa karibu nami, akanishika kiwiko.

Nilitazama paa kwanza. Tabia.

Kisha nikasema. Nilisema haraka, kichwa chini. Nilipofika kwenye kola nikakwama kweli, mama akanibana kiwiko, nikamalizia.

Abdu ndiye aliyeuliza. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha.

"Ulimwona anaingia?"

"Nilimwona."

"Na ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

Akawageukia wazee. Akasema kama ni uongo, basi huyu binti ametumwa na Zaliha. Kama ni kweli, basi huyu binti amemwacha kaka yake afe kwa kuona haya. Na tena, akasema, nani amewahi kusikia mavu mmoja kuua mwanaume mwenye kifua kama cha Saidi?

Hata mimi sikuwahi kusikia. Fundi alianza kukusanya tasbihi yake kama mtu anayefunga kikao, na mimi nikawa namwona Nuru anapandishwa kwenye meli.

Ndipo Bi Moina alipoongea nyuma ya pazia.

"Mimi nimewahi kuona."

Alisema mwaka wa pili wa ndoa yao, Saidi aliumwa na nyuki mmoja mkononi wakiwa shambani kwa watu. Mmoja tu. Alivimba uso, akakosa pumzi, akapoteza fahamu mpaka jua lilipokaribia kuzama. Mama mkwe alikataza jambo lile lisitajwe, watu wasije wakasema mwanawe ana shetani. Kwa hiyo Abdu, aliyekuwa mdogo wakati huo, hakuambiwa.

Fundi akamuuliza taratibu: toka siku ile uliposikia mumeo amevimba na kukosa pumzi, hukukumbuka nyuki?

"Nilikumbuka siku ile ile," akasema. "Nilinyamaza kwa sababu ilinipendeza watu waseme ni mke mwenzangu."

Wakuu, nimeishi miaka mingi baada ya hapo, sijasikia mtu akisema neno zito kuliko lile mbele za watu. Hakulazimishwa. Angeweza kunyamaza na kikao kingekwisha.

Abdu alifunika uso kwa viganja viwili. Fundi akasoma Fatiha. Ikaamuliwa kwamba Nuru abaki kwa mama yake, na kwamba Abdu aandike barua ya kumsafisha Zaliha, isomwe msikitini Nosy Be baada ya sala ya Ijumaa. Aliandika. Ilisomwa, nilimsikia baba akisimulia.

Mnafikiri imeisha hapo. Kwangu mimi sehemu ngumu ilikuwa bado.

Tuliporudi, hata sikuvua viatu, nilikwenda kwa Zaliha. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, kitambaa kwenye mapaja, sindano mkononi. Nikamwambia kila kitu. Nilitegemea atanifukuza. Nilikuwa nimejiandaa hata kupigwa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwa Kisakalava, polepole:

"Mimi nilikuwa nimeshaamini ni mimi."

Akaniambia wiki zote zile alikuwa anaihesabu ile sharubati. Ukwaju aliununua kwa nani. Sufuria ilikuwa na kutu? Maji aliyachota lini? Alikuwa ameisugua ile sufuria mpaka ikatoboka. Siku za mwisho, Nuru akililia kunywa kitu, alikuwa anamtuma kwa jirani akanyweshwe, kwa sababu aliiogopa mikono yake mwenyewe.

Hapo ndipo alipolia. Mama alisema tangu siku ya mazishi hakuwa ameonekana kulia.

Hakusema amenisamehe, na mimi sikuomba. Nilikaa pale mpaka magharibi nikimshikia uzi.

Baada ya eda alihamia kwao Nosy Komba na mtoto. Tulikuwa tunaonana sokoni anapoleta vitambaa. Tulisalimiana vizuri. Lakini kunifundisha kudarizi hakuniita tena.

Nilichojifunza, wakuu, ni vitu viwili.

Cha kwanza ni cha mwili. Siku hizi madaktari wanaita aleji. Mtu akichomwa na mavu, nyigu au nyuki, halafu akaanza kuvimba midomo, kujikuna mwili mzima, sauti kubadilika, msikae kumpa maziwa na kumpepea. Hospitali, muda huo huo, na mseme amechomwa na nini. Na kama ilishawahi kukutokea, waambie wa nyumbani kwako. Hakuna aibu hapo.

Cha pili sijui hata nikiandike vipi. Niliogopa mdudu maisha yangu yote, lakini mdudu hakumfanya Zaliha aogope mikono yake. Hilo nililifanya mimi, kwa kukaa kimya wiki sita nikiwa na jibu mdomoni.

Yule mwenzetu wa picha ya mavu, usiwajali waliokucheka.

Na wengine, kama kuna aliyewahi kuona jambo akashindwa kulisema kwa kuogopa kuchekwa, aandike hapa chini. Nitasoma zote, hata kama majibu yangu yatachelewa kwa hiki kidole kimoja. Na kama kuna daktari humu, ningependa aniambie ukweli: ningepiga kelele siku ile, Saidi angepona?