Sosi Kiganjani

Jikoni kwangu sosi ya soya inachemka na sukari, tangawizi na kitunguu saumu, na harufu yake imenirudisha kwenye jiko la watu.

Mama alikuwa akifanya usafi na kulea mtoto katika nyumba moja, safari ya mabasi mawili kutoka kwetu, mtaa wa Peckham, ughaibuni. Siku moja shule zilipofungwa alinichukua, akaniketisha na kunionya nisiguse kitu. Alikuwa akipika teriyaki, kuku wa Kijapani wa sosi tamu ya soya, kwa kuwa binti wa bosi, yule mtoto aliyemlea, rika langu, aliipenda. Nusu ya sosi aliimimina juu ya kuku mbichi. Nusu nyingine aliichemsha mpaka ikawa nzito, ya kuchovyea. Nyumbani hakuwahi kunipikia chakula hicho.

Kisha akainua mwiko. Tangu utotoni alinionjesha mchuzi hivyo, tone moja kwenye kiganja, kwa hiyo nikaanza kunyoosha mkono. Yule binti, aliyesimama kando yake, alikuwa ameshaunyoosha wake, bila kuambiwa. Akalamba.

“Sukari bado,” akasema, kwa Kiswahili.

Mimi mama alinibembeleza kila siku nimjibu kwa Kiswahili. Sasa alicheka kile kicheko nilichodhani ni cha nyumbani tu, akaongeza sukari.

“Na wewe mwanangu, lete mkono.”

“Sina njaa,” nikamjibu kwa Kiingereza.

Kwenye basi la kurudi alinishika mkono. Wake ulikuwa bado unanukia sosi. Niliuacha wangu ndani yake njia nzima, umekunjwa ngumi.