Chai Niliyoimwaga

Miaka ya themanini ikielekea ukingoni, mama yangu alikuwa akijidunga insulini kila asubuhi nyumbani kwake Kisumu, kisha anakunywa uji usio na sukari. Siku aliyokuja Seme, nilikoolewa, kumwona mtoto wangu wa kwanza, alijidunga kama kawaida, lakini uji akauacha ili awahi gari. Alipofika nilimwekea ugali na samaki. Hakugusa. Kwetu Wajaluo mama hali nyumbani kwa mkwe wake, na mama yangu kwa mambo ya mila alikuwa habembelezeki. Sikumsukuma.

Saa sita hivi jasho lilimtoka, mikono ikatetemeka, akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Kisha akaanguka. Mama wa mume wangu, maskini, alikuja mbio na chai ya sukari. Nilimpokonya kikombe nikamwaga chai yote uani.

"Mnataka kumuua? Ana ugonjwa wa sukari!"

Nilijiona nimesoma. Hadi leo nikikumbuka kelele zile naona haya.

Mume wangu akambeba mama mkwe wake mikononi, jambo lisilofanyika kwetu, tukapata pikapu ya muuza unga hadi hospitalini Kombewa.

"Mama amekula nini leo?" nesi akauliza.

"Hajakula. Yuko kwa mkwe."

Nesi alimtundikia dripu ya glukosi huku akinifokea. Mwili wenye afya hujichunga wenyewe, alisema. Ukikaa njaa, kongosho hupunguza insulini, na ini hutoa sukari ambayo limeiweka akiba.

"Lakini hii ya sindano ikishaingia, imeingia. Haijui kama mama amekula ama hajakula. Inamaliza tu sukari kwa damu. Na wewe unamwaga chai!"

Niliogopa mama atakufa, nami nitakuwa nimemuua kwa ujuaji wangu.

Alipoanza kufumbua macho, akili bado haijamrudia vizuri, nesi alishika mkono wenye dripu ili sindano isichomoke. Mimi nilikuwa na mtoto kifuani. Basi nesi akampa mume wangu kikombe cha chai ya sukari amnyweshe. Mume wangu aligeuza uso ukutani, akamshikia kikombe, na mama akanywa chote. Kisha mume wangu akatoka nje.

Jioni mama aliniuliza, "Nani alininywesha?"

"Nesi."

"Na baba mtoto alikuwa wapi?"

"Nje, Mama."

Akashusha pumzi.

Aliishi miaka mingine sita. Alikuja kwangu mara nyingi, kila mara ameshakula kwa jirani kwanza. Mimi na mume wangu hatukumwambia mtu ni mkono wa nani uliomnywesha. Siku tulipomzika, mume wangu alikaa mbali na jeneza, kama mkwe anavyotakiwa, akalia kuliko sisi aliotuzaa.